Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ardhi ya Jiji la Tanga: kila mchoro wa viwanja uje na hesabu yake ya kaboni

Kwa:
Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani wa Jiji la Tanga,
Mkurugenzi wa Jiji,
Kamishna Msaidizi wa Ardhi, Mkoa wa Tanga.

YAH: KUPANUKA KWA JIJI, MABADILIKO YA MATUMIZI YA ARDHI NA HEWA UKAA INAYOTOKANA NAYO

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia nikiwa mpima ardhi mstaafu na mkazi wa jiji hili, kuomba jambo moja ambalo halihitaji sheria mpya wala fedha nyingi: kwamba kila mchoro wa mipango miji utakaoletwa mbele yenu, na kila ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi, liambatane na maelezo mafupi yanayoonyesha ardhi hiyo inahifadhi kaboni kiasi gani leo, itapoteza kiasi gani ikishapimwa na kujengwa, na wakazi wake watalazimika kwenda umbali gani kila siku kufuata soko, shule, hospitali na kazi. Hivi sasa mchoro ukifika kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira huulizwa una viwanja vingapi, barabara zake zina upana gani, na wenye mashamba wamelipwa fidia au bado. Ni maswali ya haki na ningeshangaa yasipoulizwa. Lakini la hewa ukaa halimo, na kwa kuwa halimo, jiji linaamua jambo kubwa bila kujua kwamba limeamua.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 katika Jiji la Tanga. Ile ya 2022 ikahesabu 393,429. Kwa miaka 10 tumeongezeka kwa zaidi ya watu 120,000, na sioni sababu ya kasi hiyo kupungua, kwa kuwa bandari yetu iliyoboreshwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 429 sasa inapokea meli hadi gatini, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia hapa hapa Chongoleani. Mji uliosifiwa kuwa wa waja leo waondoka leo siku hizi una wageni ambao wakishuka kwenye basi pale Kange huanza kwa kumtafuta dalali wa viwanja, na wala hatuna sababu ya kuwanyima. Watu hao lazima wakae mahali. Wengi wao hawakai Ngamiani wala Chumbageni, bali Kange yenyewe, Pongwe, Mabokweni, upande wa Amboni, na kandokando ya barabara ya Pangani kuelekea Tongoni, kwenye ardhi ambayo jana ilikuwa mkonge, minazi, mikorosho, miembe au kichaka.

Najua jibu ambalo hutolewa jambo hili likitajwa, kwa sababu nimelisikia hata kwa wasomi: Tanzania inachafua kidogo sana ikilinganishwa na Marekani, China au nchi za Ulaya, kwa hiyo Tanga na viwanja vyake itaharibu nini? Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ni kweli na haina ubishi. Sehemu ya pili inapotosha, kwa sababu katika nchi kama yetu, ambako viwanda ni vichache na magari si mengi, sehemu kubwa ya gesijoto, yaani hewa zinazoongeza joto la dunia, hutoka ardhini: katika misitu inayofyekwa, mkaa unaochomwa na udongo unaofukuliwa. Ripoti ya 2022 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, ilieleza kwamba kilimo, misitu na matumizi mengine ya ardhi yalichangia takriban asilimia 22 ya gesijoto zote duniani mwaka 2019. Kwetu mgawo huo ni mkubwa zaidi. Serikali yetu yenyewe, katika ahadi iliyoiwasilisha Umoja wa Mataifa mwaka 2021, ilisema itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo kama hakuna hatua yoyote inayochukuliwa. Ahadi hiyo haitatekelezwa na Dodoma peke yake. Itatekelezwa, au itavunjwa, na anayeidhinisha mchoro wa kitongoji kimoja cha Mabokweni.

Naomba sasa mniruhusu nieleze kinachotokea ardhini mchoro ukishapita, kwa sababu wengi wenu mnauona ukiwa karatasi, na karatasi haionyeshi.

Kazi huanza kwa kufyeka mikuza. Vijana wenye mapanga hutangulia kufungua njia ili mpimaji aone kutoka bikoni, yaani alama ya mpaka, hadi bikoni, kisha greda huja kuchonga barabara, na mwisho kila mwenye kiwanja husafisha chake. Katika hatua hizo tatu miti mingi huondoka bila mtu yeyote kuamua kwamba iondoke. Chukueni mwembe mmoja mkubwa, wa zile embe dodo, wenye shina, matawi na mizizi ambayo ikikaushwa yote ingefika tani 2. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Tani moja ya kaboni ikiungana na oksijeni ya hewani hutoa tani 3.67 za hewa ukaa, kwa hiyo mwembe huo mmoja ukiishia kwenye tanuri la mkaa, kama inavyokuwa mara nyingi, hurudisha angani karibu tani 3 na nusu. Ungepasuliwa mbao na kutengenezwa milango, kaboni yake ingebaki ndani ya nyumba kwa miaka mingi. Lakini miembe ya viwanjani haipelekwi kwa seremala. Nimeona bikoni ikiangukia kwenye shina la mwembe uliokuwapo kabla ya uhuru, na mti ukakatwa, ilhali kona ya kiwanja ingesogezwa mita 2 tu pale mchoro ulipokuwa ukichorwa na hakuna ambaye angepungukiwa na kitu. Mchoraji hakuujua mti huo kwa sababu ramani ya msingi aliyopewa haikuwa na miti, ilikuwa na mistari ya mwinuko, mito na nyumba zilizokuwapo.

Ardhi hailingani, na hapa ndipo ninapoona faida kubwa ya hesabu ninayoiomba. Shamba la mkonge lililochoka, ambalo kwa miongo mingi lililimwa zao moja tangu mmea huo ulipoletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, halina kaboni nyingi juu ya ardhi. Ukijenga pale, jirani na barabara ya Segera na reli, unapoteza kidogo. Shamba la minazi na miembe mchanganyiko lina zaidi. Kichaka cha pwani kilichoota tena baada ya mkonge kuachwa kina zaidi kuliko wapita njia wanavyodhani, maana wao huona pori tu. Yote haya kwenye mchoro huandikwa kwa jina moja, ardhi isiyoendelezwa, na hulipiwa fidia kwa kuhesabu bei ya ardhi sokoni, mazao na maendelezo ya mwenye shamba, si kwa kile ambacho ardhi yenyewe imekuwa ikikifanyia anga. Laiti mngekuwa na hesabu mezani, mngeona wazi kwamba jiji linaweza kupata viwanja vile vile vingi kwa kupoteza sehemu ndogo ya kaboni, kwa kuchagua tu pa kuanzia.

Kisha iko mikoko, na juu ya hiyo naomba subira yenu.

Kwa mujibu wa sheria, mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Kwenye karatasi, basi, hakuna kiwanja cha makazi ndani ya mikoko. Anayeishi Tanga anajua kuwa jambo hilo halijakamilika kwa vitendo. Kinachotokea ni cha polepole: kwanza hukatwa boriti chache za mkandaa na msinzi, kisha pembezoni humwagwa kifusi, kisha pajengwa kibanda, na miaka michache baadaye mwenye kibanda anaonyesha karatasi ya mauziano yenye saini za mashahidi, naye anaingia kwenye orodha ya urasimishaji, yaani ya kupimiwa na kumilikishwa waliokwisha kujenga, kama mkazi wa siku nyingi. Mimi mwenyewe nimewahi kuonyeshwa eneo la kupima ambalo maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa sana, yalikuwa yakilifikia. Aliyetuita alisema maji hayo yatazoea.

Mtu akitazama mikoko huona miti. Lakini thamani yake kubwa, kwa upande wa kaboni, imo chini. Ingieni bamvua likitoka, mfano pale Tongoni au kwenye hori za Mwambani, mchimbe kwa koleo kina cha goti. Mtakutana na tope jeusi, zito, lenye harufu kali ya mayai yaliyooza. Harufu hiyo ndiyo ushahidi wenyewe: mle ndani hakuna oksijeni, kwa hiyo majani, mizizi na mabaki yanayoanguka na yale yanayoletwa na mto hayaozi yakaisha, bali hulundikana tabaka juu ya tabaka kwa karne nyingi. Vipimo vilivyofanywa katika mikoko ya ukanda wa Bahari ya Hindi na Pasifiki vilionyesha wastani wa karibu tani 1,000 za kaboni kwa hekta moja, na sehemu kubwa zaidi ya kiasi hicho ilikutwa udongoni, si kwenye miti. Tope hilo likikaushwa, likipigwa kifusi au likifukuliwa kutengeneza mashamba ya chumvi, hewa huingia, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho huanza kula kilichokuwa kimefungwa, na hewa ukaa hutoka mwaka baada ya mwaka hata baada ya watu kusahau kwamba pale palikuwa na mikoko. Ndiyo maana kupanda miche ya mikoko mahali pengine siku ya Mazingira Duniani, jambo zuri ambalo nalipongeza, hakulipi deni la hekta moja iliyofukiwa. Miche inarudisha miti. Tope la karne hairudishi.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba kwa mikoko isiwepo hesabu ya kupima faida na hasara, bali mpaka. Mpaka huo uwekwe bikoni za zege ardhini zenye namba, uingizwe kwenye ramani za jiji kama unavyoingizwa mpaka wa kiwanja cha mtu binafsi, na ofisi ya ardhi isipokee mchoro wowote unaouvuka. Mpimaji yeyote atawaambia kwamba mstari usio na bikoni ni maneno matupu mbele ya baraza la ardhi.

Tukirudi nchi kavu, ipo hewa ukaa ya pili ambayo haitoki kwenye miti bali kwenye ukubwa wa viwanja. Wakazi wa Pongwe hawahitaji kusimuliwa kuhusu saruji, kwa kuwa wanaishi kando ya machimbo ya mawe ya chokaa na kiwanda chenyewe. Jiwe la chokaa likichomwa kutengeneza klinka, ambayo ndiyo husagwa ikawa saruji, hugawanyika, na katika kila kilo 100 za chokaa safi kilo 44 huruka zikiwa hewa ukaa, mbali na ile ya makaa ya mawe au gesi iliyotumika kupata moto. Kwa wastani wa dunia, mfuko wa saruji wa kilo 50 huwa umeshatoa karibu kilo 30 za hewa ukaa kabla haujapakiwa kwenye toroli ya fundi, na uzalishaji wa saruji kwa jumla huchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa ya dunia nzima.

Tazameni basi kitu kimoja tu, ukuta wa uzio. Kiwanja cha ujazo mdogo, yaani cha eneo lililopangiwa nyumba chache, chenye mita 30 kwa 40 kina mzingo wa mita 140. Ukuta wa mita 2 kwenda juu unahitaji matofali yapatayo 2,800, na fundi akitoa matofali 30 kwa mfuko, hiyo ni zaidi ya mifuko 90, sawa na karibu tani 2.8 za hewa ukaa, bila kuhesabu msingi, nguzo wala plasta. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinahitaji mifuko kama 53. Na mara nyingi, Waheshimiwa, ndani ya ukuta ule mkubwa kuna nyumba ya vyumba vitatu, mchicha kidogo na majani ya kukatwa kila Jumamosi. Uzio wa michongoma uliotosha kwa wazee wetu haujapigwa marufuku na sheria yoyote ninayoijua.

Ukuta ni jambo dogo. Jambo kubwa ni ardhi inayoliwa. Tukichukulia kwamba asilimia 30 ya eneo hutengwa kwa barabara, shule na huduma nyingine, familia 1,000 zikipewa viwanja vya mita za mraba 400 zitahitaji hekta 57. Zikipewa vya mita za mraba 1,200 zitahitaji hekta 171. Tofauti ya hekta 114 ni mashamba na vichaka vya upande wa Amboni au Kirare vilivyofyekwa ili watu wale wale walale. Tena barabara, nguzo za umeme na mabomba ya maji lazima virefushwe kufuata kila nyumba, na huu ni mzigo ambao mamlaka yetu ya maji inaujua kuliko yeyote: Februari 2024 Tanga UWASA ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua na kuboresha huduma. Kila mita ya bomba inayopita mbele ya kiwanja kitupu ni sehemu ya fedha hizo iliyolala.

Na viwanja vitupu tunavyo. Sharti la hati ni kuendeleza ndani ya miezi 36. Tembeeni Raskazone, Sahare au Kange, mtakuta viwanja vilivyopimwa zamani, vyenye barabara na maji mlangoni, vimeota magugu huku mwenyewe akisubiri bei ipande kwa sababu ya bomba na bandari. Kwa kila kiwanja kinachosubiri bei mjini, kiwanja kingine hufyekwa pembeni. Sitaki kufundisha kazi mtu aliye ofisini, lakini sharti hilo likisimamiwa, hata kwa kuanza na ilani tu, litaokoa miti mingi kuliko kampeni kadhaa za upandaji.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye jambo ambalo Tanga tulikuwa nalo na ambalo miji mingine inalitafuta kwa gharama. Ngamiani ilipangwa kwa barabara zilizonyooka na kupewa namba, ya kwanza, ya pili, na kuendelea, zikikatana kwa pembe mraba juu ya ardhi tambarare. Nyumba zake za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, zilihifadhi familia kadhaa kwenye kiwanja kidogo. Mtu wa barabara ya kumi aliweza kufika Soko la Mgandini kwa miguu, Hospitali ya Bombo kwa baiskeli, na bandarini kwa baiskeli hiyo hiyo. Sifa ya Tanga kuwa mji wa baiskeli haikuletwa na mradi wala mfadhili. Ililetwa na umbali mfupi. Ripoti ile ile ya IPCC ilikadiria kwamba miji ikijengwa kwa kubanana na kuchanganya makazi na huduma, hewa chafu ya mijini inaweza kupungua kwa asilimia 23 hadi 26 ifikapo 2050 ikilinganishwa na mwenendo uliozoeleka. Ngamiani ilishafanya hivyo kabla ripoti hizo hazijaanza kuandikwa.

Mkazi wa pembeni hana baiskeli ya kumtosha. Anayekaa kilomita 12 kutoka mjini na kutumia bodaboda kwenda na kurudi huenda kilomita 24 kwa siku. Pikipiki ikila lita 2.5 kwa kilomita 100, hiyo ni lita 0.6, na kila lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Kwa siku 300 za mwaka zinapatikana zaidi ya kilo 400. Mwembe niliousema hapo juu ni sawa na safari zake za miaka 8. Tofauti ni kwamba mwembe hukatwa mara moja, lakini safari hazina mwisho: akihama yeye, atakayenunua nyumba atasafiri vile vile, na mtoto wake vile vile. Uamuzi wa mahali pa kuweka kitongoji hufunga watu kwa miaka 50 au zaidi, jambo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu uamuzi wa kununua gari au jiko.

Nikitaja jiko, nisiache mkaa, ingawa si mada ya ofisi ya ardhi moja kwa moja. Mkaa unaopikia Tanga hutoka nje ya mipaka ya jiji, hasa Handeni, Kilindi na Mkinga, kwa matanuri ya udongo ambayo hutumia kilo 5 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kitongoji kilichosambaa, ambacho gari la gesi halikifikii kwa urahisi na umeme unachelewa kwa sababu nguzo ni nyingi na wateja wachache, kitakuwa cha mwisho kuuacha mkaa. Mpango wa ardhi na mkakati wa jikoni vinakutana hapo.

Pengine baadhi yenu mtaniuliza kama kuna fedha katika haya, kwa kuwa tangu Kanuni za Biashara ya Kaboni zitoke mwaka 2022 kila halmashauri imesikia habari za vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ambavyo kwa kutunza msitu vimepata fedha za kujengea madarasa na zahanati. Ninawapongeza kwa dhati. Lakini ningependa Jiji la Tanga lisianze na swali la kuuza. Msitu wa Katavi ni mkubwa na una vijiji vinavyoumiliki. Mikoko yetu ni vipande vilivyobanwa na mji, na anayeanza kwa kutafuta mnunuzi huishia kupima kile tu chenye bei. Tuanze kwa kujua tulichonacho. Wataalamu wa kupima wapo nchini, kwenye kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na vijana wetu wanaosoma upimaji na misitu wanaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya uwandani wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo.

Lipo pingamizi zito zaidi, nalo silipuuzi. Mjane aliyedunduliza akanunua nusu eka Mabokweni, au kijana wa bodaboda aliyepata kiwanja cha bei ndogo Kirare, hawezi kuambiwa akakae Ngamiani ambako chumba kimoja kinamshinda kodi. Pembeni ndiko kwenye bei anayoimudu. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu siombi upimaji usimamishwe. Upimaji ukisimama, watu hawatasimama. Watajenga bila mchoro, na makazi holela hufyeka kama kawaida na kutandaa vibaya zaidi. Ninachoomba ni kwamba jiji litoe viwanja vidogo vingi karibu na njia za daladala, liruhusu kwa masharti mepesi nyumba ya ghorofa moja au mbili katika maeneo ya zamani ya Ngamiani, Makorora na Mwanzange ili mwenye nyumba apangishe juu na abaki chini, na liweke shule, zahanati na soko ndani ya mchoro tangu siku ya kwanza badala ya kuyaacha maeneo hayo yawe viwanja vya akiba ambavyo baadaye hubadilishwa matumizi. Kijana yule akipata mita za mraba 300 umbali wa kilomita 4 kutoka sokoni, badala ya 900 umbali wa kilomita 14, ataokoa nauli kila siku ya maisha yake, na hesabu ya kaboni itajiweka sawa bila yeye kuifikiria.

Kuhusu hesabu yenyewe, isiwe andiko la kurasa 200 lililoandikwa na mshauri wa kulipwa, maana tunajua maandiko hayo huishia kabatini. Ofisa misitu wa jiji ahesabu miti mikubwa ya eneo na kuitia kwenye ramani ya msingi kabla mchoraji hajaanza. Ofisa mipango miji aandike ukubwa wa viwanja, umbali wa huduma na njia ya usafiri. Mpimaji athibitishe kuwa hakuna mstari uliovuka mpaka wa mikoko wala ule wa mita 60. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kata pamoja na mchoro, wananchi waisome na waihoji. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 tayari inataka wananchi washirikishwe, kwa hiyo hapo hakuna jipya isipokuwa kile watakachoonyeshwa.

Naomba pia jambo la muda. Michoro ambayo imeshaandaliwa lakini bado haijaidhinishwa, hasa ile ya ukanda wa bahari kutoka Mwambani hadi Tongoni na ile inayozunguka Chongoleani, irudishwe kwa wachoraji ili iongezewe maelezo hayo kabla ya kupitishwa. Najua kuna shinikizo la wawekezaji na wanunuzi waliokwisha kulipa. Kuchelewa kwa miezi miwili au mitatu kuna gharama, lakini greda likishaingia kwenye mikoko hakuna kikao kitakacholirudisha tope.

Mimi na wapimaji wenzangu wastaafu tuliopo Tanga tuko tayari kukaa na wataalamu wenu kutengeneza mfano wa karatasi hiyo kwa kutumia mchoro mmoja mtakaouchagua, bila malipo, ili Kamati ya Mipango Miji na Mazingira iujadili katika kikao chake cha robo mwaka ijayo. Tunachohitaji ni nakala ya mchoro na ruhusa ya kuingia eneo husika tukiwa na mwenyekiti wa mtaa.

Nawasilisha kwa heshima,

Mpima ardhi mstaafu,
Mkazi wa Mwanzange, Tanga.